Povu la Mnara wa Nambunda

Mara ya saba, Mkwanda Chilumba alianza kupanda ngazi za mnara akiwa amevaa barakoa ya hewa, na hapo ndipo Somoe alipoweka kikombe cha chai mezani.

Siku ile yenyewe, siku ya kweli, Mkwanda hakuvaa barakoa. Kila mtu pale kwenye mitambo ya gesi ya Nambunda alilijua hilo, maana mwili wake ulipookotwa, barakoa yake ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari katika chumba cha mitambo, na jina lake limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe. Pacha haikuwa na sababu yoyote ya kumvika. Pacha ilikuwa kielelezo tu, mitambo mizima ya Nambunda iliyojengwa kwa hesabu ndani ya kompyuta, na sheria ilisema wazi kwamba mtambo ulioua mtu hauwashwi tena mpaka Pacha yake ieleze umeuaje.

Somoe ndiye aliyeijenga. Alikuwa mhandisi wa kuaminika, mkaidi kidogo, na tabia yake mbaya ni ile ya wahandisi wote: aliamini kwamba kitu ukishakichora vizuri, umekijua.

Gesi ya Nambunda ni gesi chachu. Inatoka ardhini ikiwa na sumu ndani yake, ile yenye harufu ya mayai viza, na sumu hiyo ikizidi kidogo inaua. Kwa hiyo inaingizwa chini ya mnara mrefu wenye sahani ishirini za chuma, nayo maji ya amaini yanamiminwa kutoka juu. Vinapokutana njiani, amaini inanyonya sumu, na gesi inatokea kileleni ikiwa safi. Amaini iliyoshiba inapelekwa mnara wa pili, inachemshwa mpaka itapike ilichomeza, inapozwa, inarudishwa kazini. Inazunguka hivyo mwaka mzima. Somoe aliwahi kuwafundisha wanafunzi jambo hilo kwa birika na chujio la chai, wakaelewa.

Lakini chuma na maji peke yake vilikataa kuua. Aliendesha hesabu mara mia mbili na mnara ukatulia kila mara. Ndipo akaingiza watu. Alichukua miaka tisa ya sauti zao za redio, nyayo zao zilizorekodiwa na sakafu, jinsi kila mkono ulivyozoea kufungua kila valvu, akaipa Pacha zamu nzima ya siku ile, watu kumi na wanne. Palipokosekana taarifa, Pacha ilijaza yenyewe. Hakuna aliyeuliza ilijaza na nini.

Na baada ya hapo mnara ukaanza kuua, saa nane mchana kasoro kidogo, kama siku ile.

Mara sita Somoe alifika pale, na mara sita hakufika mwisho. Mkwanda alikuwa mjomba wake, ndugu wa mama yake, na huko kusini mjomba ndiye mwenye mtoto. Ndiye aliyemlea. Pale Nambunda mafundi hutembea wawili wawili, na kila baada ya dakika chache mmoja humuuliza mwenzake kwenye redio, "Unanusa?" Jibu jema ni "Nanusa", kwa sababu harufu ya mayai viza haikosekani kabisa mahali pale. Sumu ikiwa nyingi, kinachokufa kwanza ni pua. Asiyenusa kitu ndiye aliye hatarini, na hajui. Basi kila mara Chipande, mwenzake Mkwanda, alipouliza kutoka chini, na Mkwanda akajibu kwa utulivu kutoka ngazi ya tatu, ya juu kabisa, "Sinusi," Somoe alibonyeza kitufe cha kusimamisha. Mjomba aligandishwa pale, mkono kwenye chuma. Somoe alichukulia kuwa amemhurumia.

Sasa alisimamisha mapema zaidi, kwa sababu ya barakoa, akafungua mafaili kutafuta kosa. Alilipata baada ya saa moja, na lilikuwa lake. Amaini ikizunguka hubakiwa na chumvi kidogo ambazo hakuna kuchemsha kunakozitoa, na zinajilimbikiza mzunguko kwa mzunguko. Alitaka kuzifuatilia chumvi hizo. Kwa hiyo kila alipoanza upya alirudisha saa asubuhi, akarudisha watu getini, lakini masalia akayaacha yaendelee. Alidhani masalia ni ya amaini tu. Ndani ya faili, watu na amaini walikuwa kapu moja.

Alisoma mstari ule mara tatu. Kisha akageuza skrini itazame ukuta, jambo ambalo mtu mzima mwenye shahada mbili hapaswi kulifanya.

*

Saa nne alikuja Bi Agripina Lwena, mkurugenzi, mwanamke mfupi aliyeanza kazi Nambunda kama fundi wa zamu na ambaye bado alitembea kama mtu aliyebeba funguo nzito.

"Injinia, Jumatatu tunawasha."

"Pacha haijamaliza, Mkurugenzi."

"Haijamaliza, au hujaiacha imalize?"

Bi Lwena akavuta kiti.

"Sikiliza. Watu arobaini na mmoja wanaingia hapa Jumatatu. Mezani kwangu ipo barua ya kibali maalumu. Nikiisaini tunawasha bila maelezo yoyote, na wakubwa huko juu wanataka niisaini. Mimi sitaki. Tume ya uchunguzi wa ajali imeandika kwamba Mkwanda alikimbia, kwa sababu kituo chake kilikuwa juu na mwili wake ulikuwa chini. Hilo mimi silijui, na wewe hulijui. Kinachojua ni hiki." Alielekeza kidole kwenye skrini iliyotazama ukuta. "Kwa nini umeigeuza?"

"Anajua," Somoe alisema. "Mjomba. Nadhani anakumbuka."

Sauti ya Bi Lwena ikawa ya upole.

"Mle hamna mtu, mwanangu. Mna hesabu."

"Hesabu imevaa barakoa, Mkurugenzi."

Bi Lwena aliigeuza skrini mwenyewe, akatazama. Mkwanda alikuwa amegandishwa kwenye ngazi ya pili, barakoa usoni, kichwa kimeinuliwa kuelekea pembe ya juu ambako hakukuwa na kamera wala kitu. Picha ya skrini ilitazama kutoka pembe hiyohiyo, basi walikuwa wanatazamana naye uso kwa uso. Bi Lwena aliondoka bila kuaga, na kwa mtu wa heshima zake hilo lilikuwa jambo kubwa.

*

Kulikuwa na njia ya kuzungumza na watu wa Pacha. Ilikuwa ya kutolea amri, fungua hiki, punguza kile, na Somoe hakuwahi kuitumia. Aliiachia Pacha iendelee, na kabla hajagusa kitu, redio ikakoroma.

"Mpwa wangu. Uko huko?"

Somoe hakuwamo ndani ya Pacha. Siku ya ajali alikuwa Dodoma mkutanoni. Jina lake halikuandikwa popote katika zamu ile. Na kwa kuwa hakujua mtu huanzaje mazungumzo ya namna hii, akaanza kama alivyofunzwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekunywa chai."

"Chai si chakula," Mkwanda alisema, na Somoe akalia, kwa sauti, peke yake chumbani, mikono imefunika mdomo. Mkwanda alimngoja amalize. Siku zote alikuwa mtu wa kungoja.

"Hii ni ya saba," alisema baadaye.

"Ndiyo, mjomba. Lakini hujafa. Nilisimamisha kila mara. Sikukuacha ufe."

"Hilo ndilo ninalotaka tuzungumze." Alivuta pumzi ndani ya barakoa, na redio ikaileta pumzi ile yote. "Wewe ukisimamisha, mimi siendi nyumbani. Nabaki pale ngazi ya tatu. Pua imekufa, mkono uko kwenye chuma, najua kuna kazi natakiwa kushuka nikaifanye, na sishuki. Nabaki hapo mpaka urudi."

"Haiwezekani. Ukisimama, saa yako nayo inasimama."

"Sawa," Mkwanda alisema. "Ile ya kwanza ilikuwa ndefu."

Mara ya kwanza Somoe aliposimamisha Pacha, alikaa siku kumi na moja bila kuigusa. Alikwenda nyumbani, akapika, akaenda harusi ya rafiki yake. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote idadi ya siku zile. Kwa hesabu, kitu kilichosimamishwa hakihisi lolote, na angeweza kuthibitisha hilo ubaoni mbele ya maprofesa. Sasa hakuliamini hata kidogo, na aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka moto.

"Nisamehe, mjomba."

"Ulikuwa hujui."

"Naweza kukufuta. Sasa hivi. Hutasikia kitu."

"Na Jumatatu wakiwasha?"

Somoe alisogea karibu na skrini.

"Basi naweza kukutoa mnarani. Nikuweke nyumbani, barazani kwako, upumzike."

"Umeandika baraza ngapi humo, mpwa?"

Hakuwa ameandika hata moja. Nje ya geti la Nambunda, Pacha ilikuwa na anga, upepo uliopimwa vizuri, na ardhi bapa isiyokuwa na kitu.

"Unaona," Mkwanda alisema, bila ubaya. "Una mnara. Nipeleke mnarani, unifikishe mwisho. Na safari hii usitazame mnara, tazama mkono wangu. Saa nane kasoro robo." Kisha akainua mikono yote miwili nyuma ya kichwa, akafungua mikanda ya barakoa.

"Mjomba, usivue."

"Nilivaa kwa woga tu. Siku ile sikuvaa. Nikiivaa leo nitakuharibia hesabu." Aliitundika kwenye chuma cha ngazi, akapangusa jasho, akashuka kwenda kuianza siku yake.

*

Aliirudisha Pacha asubuhi, akaiendesha kwa mwendo wa kawaida, saa kwa saa. Kuiharakisha aliona ni utovu wa adabu.

Saa nane kasoro robo, Mkwanda alisimama kando ya pampu. Alitazama kushoto na kulia kama mwizi wa mara ya kwanza. Akachukua galoni la dawa ya povu, ile inayovunja povu la amaini, akaifungua faneli ya bomba la amaini, akamimina kama nusu lita, akaipangusa faneli kwa mkono wa shati. Daftari la zamu lilikuwa pale pale karibu. Hakuandika kitu.

Somoe alirudi kwenye kumbukumbu za mizunguko yote sita. Sasa alijua atafute nini, nayo ilikuwepo, imejificha waziwazi mbele ya macho yake. Mikono iliyozoea faneli ile ilikuwa mingi, na yote iliifuata robo saa ya mwisho ya zamu. Hakuhitaji kuelezwa sababu, kwa kuwa alikuwa amekulia nyumba ya fundi. Pale Nambunda hakuna anayemkabidhi mwenzake mnara unaotetemeka. Povu likianza kupanda, sindano ya geji hucheza, na dawa kidogo huituliza. Unamwachia anayeingia mnara uliotulia, kama unavyomfagilia mgeni chumba. Maabara walipanga kikombe kimoja kwa siku. Zamu tatu, kila siku, zilikuwa zinaongeza heshima zao juu yake kwa siri, nayo ilikuwa inakaa humo humo, inazunguka.

Dawa ya povu ikizidi inageuka. Badala ya kulivunja povu inalilea, likawa zito na jepesi kwa pamoja, likapanda sahani kwa sahani mnara wote. Geji ikalihesabu kama maji ya kawaida na sindano ikakaa sawa kabisa. Povu likafika kileleni limebeba gesi isiyosafishwa, likaisukuma kwenye upande uliotakiwa kuwa safi. Na kwenye ngazi ya tatu ndipo mafundi huchukua sampuli ya gesi safi, bila barakoa, kwa kuwa ni safi.

"Unanusa?" Chipande aliuliza kutoka chini.

Mkwanda alifunga chupa ya sampuli taratibu.

"Sinusi."

Kidole cha Somoe kilikuwa tayari kwenye kitufe. Alikiondoa. Akaikalia mikono yake yote miwili.

Mkwanda alishuka. Alishuka vibaya, akikosa ngazi, akishika chuma kwa viwiko, na alipofika chini hakugeukia geti ambako ungekuwa uhai wake. Aligeukia valvu kubwa inayoingiza gesi mnarani, ambayo tume iliikuta imefungwa ikaandika kwamba ilijifunga yenyewe. "Chipande, toka," alisema kwenye redio, "watoe wenzako." Kisha akaanza kuzungusha gurudumu. Yalihitajika mazungusho ishirini na mbili. Somoe aliyahesabu kwa sauti, na baada ya la kumi na tano hakuweza tena kuhesabu, akawa anatikisa kichwa tu. Mkwanda alimaliza. Akakaa chini, mgongo kwenye bomba, kama mtu anayesubiri chai, na baada ya hapo hakufanya kitu kingine.

*

"Mara moja haitoshi," Bi Lwena alisema alipomaliza kusoma taarifa. Macho yake yalikuwa mekundu na hakujaribu kuyaficha. "Kanuni inataka marudio thelathini, au ushahidi wa watu. Na ushahidi wa watu sijawahi kuuona, kwa sababu anayesema anafukuzwa."

"Sitarudia."

"Ukiyasafisha masalia hatakumbuka. Ataingia asubuhi anapiga mluzi."

"Mara thelathini," Somoe alisema, "anaingia anapiga mluzi."

Bi Lwena alikunja karatasi. "Basi twende kantini."

Ilikuwa mchana, ugali uko mezani, na mafundi arobaini na mmoja waliitwa wote kwa ajili ya maandalizi ya Jumatatu. Somoe alisimama karibu na beseni la kunawia. Hakuwa na hotuba.

"Mjomba wangu alikuwa anamimina dawa ya povu mwisho wa zamu bila kuandika," alisema. "Nusu lita. Dawa hiyo ndiyo iliyomuua. Nataka kujua kama alikuwa peke yake."

Mikono iliyokuwa inafinyanga ugali ilisimama. Chipande, mwanamume mrefu aliyekonda sana tangu ajali, alikuwa anatazama sahani yake.

"Dada, kwa maneno hayo unamchafua marehemu," alisema bila kuinua uso.

"Najua, kaka."

Mtu mmoja akakohoa. Somoe alijua anachowaomba: watoto wao wanakula kwa kazi ile. Akaogopa kwamba atarudi chumbani, ataweka saa kumi na mbili asubuhi, na kuanza kuhesabu moja mpaka thelathini.

"Yeye ndiye aliyenifundisha," Chipande alisema hatimaye. Aliinua mkono, tena juu kabisa, kama mtoto wa shule. "Na mimi nimewafundisha hawa."

Mkono wa pili uliinuka karibu na dirisha, halafu mingine mitatu kwa pamoja, halafu Somoe akashindwa kuifuata. Alipogeuka kumtazama mkurugenzi aone kama anaandika, Bi Lwena alikuwa amesimama mlangoni, kalamu sakafuni, na mkono wake juu.

"Tulikuwa tunaiita shikamoo ya mnara," alisema. "Mwaka wangu wa pili hapa. Mkwanda alikuwa mgeni, na mimi ndiye niliyemwonyesha."

*

Hati ya maelezo ya ajali ilisainiwa jioni hiyohiyo. Dawa ya povu ingefungiwa kabatini, geji zingebadilishwa, jina la Mkwanda lingeandikwa upya kwenye taarifa ya tume, kosa lake na tendo lake vyote viwili. Ukurasa wa mwisho ulikuwa agizo la kawaida: Pacha imemaliza kazi, ifutwe kabla ya Jumatatu.

Somoe alikaa mbele ya skrini jua likiwa bado dirishani. Alikuwa ameiacha Pacha iende tangu mjomba alipokaa chini. Moyo wa kuisimamisha hakuwa nao tena. Angeweza kuirudisha saa nyuma na kuisikia sauti ya mjomba mara moja tu, na aliitaka sauti ile kwa mwili mzima. Hakufanya hivyo. Mjomba alikuwa ameomba afike, na amefika.

Akabonyeza kufuta. Pacha ikauliza, kama inavyouliza siku zote kabla ya kupoteza kitu: Futa mtambo mmoja na watu kumi na watatu?

Aliisoma namba ile bila kuielewa. Kisha akaelewa. Tangu siku ya kwanza alikuwa akimwona mtu mmoja tu mle ndani. Wengine alikuwa amewaweka ili mkono wa mtu huyo uwe na wenzake. Aliizungusha picha polepole kutoka mnarani, akalipita gurudumu la valvu, mpaka getini.

Walikuwa pale, wamesimama kwenye jua lisilosogea vizuri, Chipande na wenzake kumi na wawili, walewale ambao Mkwanda alizungusha gurudumu mara ishirini na mbili kwa ajili yao. Walikuwa hai. Zamu yao ilikwisha tangu saa nane. Walikuwa wanaangalia upande ambao gari la kuwarudisha nyumbani lingetokea, na upande huo Somoe hakuwahi kuandika kitu chochote. Mmoja wao alikuwa ameketi amevua viatu. Chipande peke yake ndiye aliyekuwa ameinua uso, anatazama pembe ya juu, palepale.

Kidole cha Somoe kilikaa juu ya neno ndiyo kwa muda mrefu. Kisha akaandika hapana, akavuta kiti karibu na meza, akafungua ukurasa mpya, akaanza kuchora barabara.